Mita ya USB: kabla hujaitupa chaja, pima waya kwanza

Fundi Kimya:

Wakuu, habari za muda huu.

Humu hakukosi mtu anayelalamika simu yake inachaji kwa kusuasua, na majibu ni yale yale: nunua chaja orijino. Anaenda kununua, anarudi na kilio kile kile. Nimeona nishushe uzi kuhusu mita ya USB, kale kadude kenye kioo kanakochomekwa katikati ya chaja na waya, kakakusomea volti, ampea na wati. Kanamaliza ubishi wa aina hii ndani ya dakika chache, ila ukikasoma vibaya kanakudanganya vizuri sana.

Kinachowaangusha wengi ni hiki: chaja haisukumi umeme ndani ya simu, simu ndiyo inayoomba. Chaja iliyoandikwa 5V 3A ina uwezo wa kutoa hadi ampea 3 ikiombwa, si kwamba itatoa ampea 3 hata ukiichomekea saa ya mkononi. Kwa hiyo mita ikisoma 0.4A usikimbilie kusema chaja feki. Huenda simu iko asilimia 93. Betri ya lithiamu huchajiwa kwa awamu mbili: mwanzo inapokea mkondo mkubwa, kisha volti zake zikifika kikomo, 4.2 au zaidi kidogo kwa simu za siku hizi, mkondo unaanza kushuka taratibu hadi karibu na sifuri. Ukitaka kulinganisha chaja mbili kwa kutumia simu, zipime zote simu ikiwa chini ya nusu, kioo kimezimwa, na mwili wake haujapata moto. Simu ikichemka nayo inapunguza kuomba.

Halafu angalia unaiweka wapi. Ukiichomeka kwenye chaja kabla ya waya, unasoma kinachotoka kwenye chaja. Ukiihamishia mwisho wa waya, karibu na simu, unasoma kilichobaki baada ya waya kula chake. Tofauti ya hizo mbili ndiyo hukumu ya waya.

Mfano uko mezani sasa hivi. Nina chaja ya 5V 2A na mzigo wa kupimia, yaani kile kisanduku chenye feni na kitufe cha kuzungusha, kinachovuta ampea zile unazokipangia. Nimekipangia 2.00A. Mita ikiwa imekaa kwenye chaja yenyewe nasoma 5.08V. Nikaunga waya mweusi mwembamba wenye urefu wa mita moja, mita ya USB ikahamia mwisho wake: 4.16V. Zimepotea volti 0.92 njiani. Gawanya kwa ampea 2, unapata ukinzani wa omu 0.46. Waya wa pili, urefu ule ule lakini mnene, umenipa 4.68V, yaani omu 0.20.

Hiyo 0.92V mara ampea 2 ni wati 1.84 zinazogeuka joto ndani ya waya, kutoka kwenye chaja ya wati 10. Na simu haitaivumilia 4.16V. Saketi ya kuchajia kwenye simu nyingi ikiona volti za kuingia zinaelekea 4.5, yenyewe inapunguza ampea mpaka volti zitulie. Ndiyo maana ukitoa mzigo na kuweka simu kwenye ule waya mweusi, mita ya mwisho wa waya inaganda kwenye 4.5V na ampea 1.3 hivi. Mtu anasoma 1.3A, anailaani chaja, kumbe chaja haijaombwa hata hizo 2 zake.

Sasa chukua waya wako utazame maandishi madogo kwenye ganda lake. Ukibahatika utakuta kitu kama 28AWG/1P 24AWG/2C. Hiyo 1P ni jozi ya data, hiyo 2C ni nyaya mbili za umeme, na AWG ni kipimo cha unene, namba yake ikiwa kubwa waya ni mwembamba. Waya wa 28 una ukinzani wa omu 0.21 kwa kila mita, wa 24 ni 0.084. Zidisha mara mbili kwa sababu umeme unaenda na kurudi, ongeza kidogo cha viungio, utaona namba zangu za juu zimetoka wapi.

Maswali leteni.

---

Mpenda Spidi:

Uzi mzuri mkuu, ila mbona unatuzungusha? Kuna programu kibao za bure za kusoma ampea kwenye simu. Yangu inaonyesha 3800mA. Mita ya kazi gani tena?

---

Fundi Kimya:

Mpenda Spidi, programu inasoma kitu kingine. Yenyewe inauliza kipimo cha betri ndani ya simu: ni kiasi gani kinaingia kwenye betri, kwa volti za betri, baada ya simu kutoa matumizi yake. Mita inasoma kinachoingia kwenye tundu.

Tuseme chaja yako inatoa 9V na simu inachukua 2A. Hizo ni wati 18. Ndani ya simu zinashushwa hadi volti 4 hivi, nyingine zinapotea, nyingine kioo kinazila, zinabaki wati 15 na ushee kwenda kwenye betri. Gawanya kwa 4 unapata hiyo 3.8A yako. Mita ingesema 2A, programu inasema 3.8A, na hakuna anayedanganya. Ubaya ni kwamba programu haiwezi kukwambia kama chaja imepanda hadi 9V au la, wala kama waya unakula. Kazi hiyo ni ya mita.

---

Dada Wati:

Nauliza kuhusu pawabenki. Nina ya 20000mAh (miliampea-saa), jina kubwa tu, siyo ya kuokota. Nimeimaliza yote kupitia mita kwa 5V, mwisho ikasoma 12300mAh. Nimeibiwa 7700 au vipi?

---

Fundi Kimya:

Hujaibiwa, dada. Hiyo ni nzima kabisa.

Zile 20000mAh ni za betri za ndani, na zimehesabiwa kwa volti 3.7. Nishati yake ni 20 mara 3.7, yaani wati-saa 74. Tundu la USB linatoa 5V, kwa hiyo hata kusingekuwa na upotevu wowote ungepata 14800mAh. Umepata 12300 kwa 5V, ambazo ni wati-saa 61.5. Gawanya kwa 74, ni asilimia 83. Saketi ya kupandisha volti lazima ile chake.

Ukirudia jaribio kwa 9V mita itakusomea mAh 6800 hivi na utapata presha bure. Ndiyo maana nasisitiza watu waache mAh, wasome ile safu ya Wh, yaani wati-saa. mAh bila volti haina maana. Geuza pawabenki yako utazame maandishi madogo. Watengenezaji wengi huandika pale uwezo halisi wa kutoka, na utakuta namba iliyo karibu na yako. Hiyo Wh ndiyo wanayoiangalia hata mashirika ya ndege, kikomo cha kawaida cha kubeba bila ruhusa maalumu ni 100Wh.

Pawabenki za kulalamikia ni zile zinazojiita 50000 na ukizikamua zinatoa wati-saa 20.

---

Kondakta:

Nakazia mada, upande wa laptopu. Watu wananunua chaja ya wati 100 ya USB-C, wanachomeka kwa waya uliokuja na simu, laptopu inasema inachaji polepole. Weka mita uone: 20V, ampea haivuki 3. Wati 60. Wanairudisha chaja dukani.

Kosa si la chaja. Kwenye USB-C, waya usio na chipu ya utambulisho unachukuliwa kuwa mwisho wake ni ampea 3. Chipu hiyo imo ndani ya kichwa cha waya, chaja inaisoma kwanza kabla ya kukubali kutoa ampea 5. Waya wenyewe unaweza kuwa mnene kama mkia wa ng'ombe, bila chipu chaja haitoi. Mita nzuri zina ukurasa wa kusoma chipu hiyo, zinakuandikia 3A au 5A. Tangu 2021 viwango vya USB vinaruhusu hadi 48V na 5A, wati 240, na huko ndiko kabisa hakuna mzaha na waya.

Mita hizo hizo zinaonyesha na orodha ya chaja. Chaja ya wati 20 mfano itatangaza 5V 3A, 9V 2.22A na labda 12V 1.67A. Simu inachagua mojawapo. Kama simu yako inataka 9V na chaja haina 9V kwenye orodha, mtakaa kwenye 5V hadi kesho, hata chaja iwe ya wati 100.

---

Mpenda Spidi:

Kondakta hapo umenifungua. Lakini kwa nini wanapandisha volti badala ya kuongeza ampea tu?

---

Kondakta:

Rudi kwenye ule waya mweusi wa mleta mada, omu 0.46. Wati 10 kwa 5V ni ampea 2, hasara ya waya ni 1.84W. Wati 10 hizo hizo kwa 9V ni ampea 1.11, hasara inashuka hadi 0.57W, haifiki hata theluthi. Hasara inakwenda kwa mraba wa ampea, ndiyo sababu.

Ina na madhara yake kwenye kupima: waya mbovu unaweza kuonekana mzima ukiupima kwa 9V, kwa sababu simu haijali ikipata 8.2 badala ya 9. Ukiupeleka kwenye kifaa cha 5V unakuumbua. Waya upimwe kwa 5V na ampea 2 au 3.

---

Mtata Asilia:

Nyie mnapamba sana hako kamita. Nina swali moja. Chaja ikishika 5V yake vizuri mpaka ampea 2 kwa nusu saa bila kuyumba, mnaniambia ni salama kulala nayo imechomekwa?

---

Fundi Kimya:

Hapana, na nashukuru umeuliza, maana wauzaji wanalikwepa.

Mita inaona upande wa 5V peke yake. Haioni kabisa upande wa umeme wa ukutani. Kinachokulinda ndani ya chaja ni ule utengano kati ya pande mbili: transfoma iliyozungushiwa tabaka za kuhami, na nafasi ya kutosha kwenye bodi kati ya njia za umeme mkubwa na mdogo. Chaja feki inaweza kuwa na 5.05V safi kama maji huku ndani pande hizo mbili zimeachana kwa upana wa kucha. Siku unyevu ukiingia au transfoma ikiungua, umeme wa ukutani unafika kwenye simu uliyoishika. Mita ni kama kipimajoto, haikwambii moyo ukoje.

Pia mita nyingi zinaonyesha wastani. Umeme unaotetemeka mara elfu nyingi kwa sekunde unasomeka kama namba iliyotulia. Dalili utaiona kwenye simu: kioo kinajigusa chenyewe au hakisikii kidole wakati wa kuchaji, ukichomoa kinatulia. Hiyo chaja itupe bila kusubiri mita ikupe ruhusa.

Kwa mita unaweza kuikataa chaja. Kuithibitisha kuwa salama, hapana. Jaribio lenyewe la kuikataa ni rahisi: panda na mzigo taratibu, 0.5A, 1A, 1.5A, hadi ilipoandikwa. Iliyo nzima inabaki kati ya 4.75 na 5.25. Nyingine zinapandisha volti kidogo mzigo ukiongezeka ili kufidia waya, usishtuke. Ukivuka kidogo kiwango chake inapaswa kujikata au kushuka. Ile inayoendelea kutoa tu huku inanuka plastiki, ichomoe ukutani kabla hujaandika matokeo.

---

Mtata Asilia:

Sawa, hapo nimekubali nusu.

---

Chaji Faster:

Mimi simu yangu ni ya zile chaji ya haraka ya kampuni yenyewe, SuperVOOC. Nikiweka mita katikati yale maandishi yanapotea, inachaji kawaida tu. Mita mbovu?

---

Kondakta:

Si lazima iwe mbovu. Mifumo ya namna hiyo inazungumza kwa lugha yake kati ya chaja, waya na simu, na mingine inataka waya wake maalumu. Mita isipopitisha nyaya zote, au ikiongeza ukinzani kidogo tu wa viungio, simu inajihami na kurudi kwenye chaji ya kawaida. Tafuta mita iliyoandikwa wazi kuwa inapitisha mfumo huo. La sivyo pima chaja yako kwa 5V na ukubali kwamba spidi yake kamili huioni.

Kuna na zile mita za bei chee za USB-C zinazopitisha waya mmoja tu wa mazungumzo kati ya ile miwili. Ukichomeka hivi haisomi, ukigeuza inasoma. Kabla ya kulaumu chochote geuza kichwa.

---

Sela wa Seli:

Wakuu mimi nina betri za 18650, zile seli za lithiamu za mviringo, nilizotoa kwenye laptopu chakavu. Nataka kujua zimebaki na uwezo gani. Sina mashine ya kupima betri, nina mita ya USB na vile vibodi vidogo vya kuchajia seli moja vya TP4056. Inawezekana?

---

Fundi Kimya:

Inawezekana, na TP4056 ni chaguo zuri kuliko watu wanavyodhani. Kibodi hicho hakibadilishi volti kwa kukatakata umeme, kinachoma tofauti kama joto tu. Matokeo yake ni kwamba mkondo unaoingia upande wa USB ni karibu sawa sawa na unaoingia kwenye betri. Kwa hiyo hapa, tofauti na pawabenki, soma mAh na uiache Wh. Ukisoma Wh utakuwa umeipa betri sifa ya joto la kibodi.

Shusha betri kwanza hadi volti 3.0 hivi kwa mzigo mdogo. Futa kumbukumbu za mita, ziwe sifuri. Chaji. Vibodi vingi vinakuja vimepangwa ampea 1, utaona mita ikikaa hapo muda mrefu, kisha inashuka pole pole, na mkondo ukifika sehemu ya kumi kibodi kinakata na taa inabadilika rangi. Ile mAh iliyosimama ndiyo makisio yako, ukitoa kidogo sana cha taa.

Iliyoandikwa 2600 ikikupa 1450, imebaki na asilimia 56, itumie kwenye tochi. Ikikupa 2300, hiyo ni mali. Na ukikutana na seli ya 18650 iliyoandikwa 9900mAh usihangaike kuipima, nzuri sana za ukubwa huo ni 3500 hivi.

Seli iliyokutwa chini ya volti 2, au inayopata moto wakati wa kuchaji kwa mkondo mdogo, usiifufue. Na usitoke nyumbani ukaiacha inachaji.

---

Dada Wati:

Kwenye mita yangu kuna ukurasa una maandishi ya 5, 9, 12, 20V na kitufe cha kuchagua. Ni wa nini? Nilikuwa nataka kujaribu kuipa simu 12V ichaji haraka zaidi.

---

Kondakta:

USIGUSE huo ukurasa simu ikiwa imechomekwa, tafadhali!

Hapo mita inajifanya simu, inaiomba chaja volti hizo kwa niaba yako, na chaja inazileta kwenye waya bila kujua upande wa pili kuna nini. Kifaa kisichozitarajia kinaweza kuungua papo hapo. Ukurasa huo ni wa kupima chaja yenyewe ikiwa na mzigo wa kupimia, au bila kitu mbele yake. Simu ikihitaji 9V itaomba yenyewe. Ukimaliza kupima rudisha 5V, chomoa chaja, ndipo uunge kingine.

Na tukiwa hapo hapo kwenye kuunguza, kuna mhandisi wa Google anaitwa Benson Leung aliyejulikana kwa kupima nyaya za USB-C zilizokuwa zikiuzwa mtandaoni. Mwaka 2016 waya mmoja aliounga, kuanzia USB ya zamani kwenda USB-C, ulikuwa na nyaya za umeme na ardhi zimegeuzwa ndani ya kichwa, ukaua laptopu yake na vifaa vyake vya kupimia. Waya mpya nisioujua mimi naupima kwanza kwa multimita, kichwa hadi kichwa, kabla ya kuuunga kwenye mita ya USB. Nauhurumia mfuko wangu.

---

Sela wa Seli:

Asanteni wakuu. La mwisho: pawabenki yangu nikiunga spika za masikioni kupitia mita, inasoma 0.06A kwa muda mfupi kisha mita yote inazima. Nikiunga simu haizimi. Pawabenki imechoka?

---

Fundi Kimya:

Haijachoka. Pawabenki nyingi zikiona mkondo uko chini ya kiwango fulani, mara nyingi kati ya miliampea 50 na 100, zinadhani kifaa kimejaa na kujizima ili zisijimalize. Spika za masikioni zinaomba kidogo mno. Tazama maelekezo ya pawabenki yako, baadhi zina hali ya mkondo mdogo, unabonyeza kitufe mara mbili au unakishikilia mpaka taa ibadilike. Kama yako haina, unga na simu kwenye tundu la pili kwa wakati mmoja, itabaki macho.